Bandeji ya Mbwa wa Muuza Sukari

Jumanne nilimkuta muuza sukari wa jumla wa mtaani kwetu ameketi, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. Mapajani alipakata kitoto cha mbwa, mguu umefungwa bandeji. Baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, ilikuwa imekigonga.

"Sema polepole," akaninong'oneza. "Docteur wa imbwa alisema isiruke wiki mbili. Nikisimama, inanifuata."

Mkewe akanivuta nyuma ya magunia. "Tension yake ya damu iko juu. Docteur wake mwenyewe alimuomba mwaka muzima apumuzike, alikatala. Sasa juu ya imbwa, anakaa."

"Zimebaki siku ngapi?"

"Ziliisha Jumapili," akasema, kidole mdomoni. "Ni mimi niko namuambia bado."

Nilipokuwa natoka, mzee akaniuliza mguu unaonekanaje. Nikauinamia kama mtaalamu.

"Bado, papa," nikasema. "Bado kabisa."