Kijakazi wa Ijumaa Kuu

Sehemu ya kijakazi wa mlangoni haigombewi na mtu. Ijumaa Kuu, mateso ya Bwana yanaposomwa kwa kugawana sauti, kila mwenye koo safi anataka kuwa Msimulizi, na wenye vitambi wanaona Pilato amewafaa. Kijakazi ana sentensi moja tu: anamuuliza Petro kama naye si mmoja wa wafuasi wa yule aliyekamatwa. Akishauliza, kazi yake imekwisha, anarudi zake kwenye benchi. Ndiyo maana katika parokia ile sehemu hiyo ilikuwa ya Bi Kaki miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyemwonea wivu.

Bi Kaki si jina la ubatizo. Alibandikwa na madereva wa malori pale kwenye kinu cha unga alikokuwa mlinzi wa geti, kwa sababu ya sare yake iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama yenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, na alikuwa na tabia moja iliyowaudhi watu: akikuuliza swali, hakusaidii kulijibu. Walinzi wengine huuliza unakwenda wapi, na kabla hujafungua mdomo wameshasema, "Ofisini, eh? Haya, pita." Bi Kaki aliuliza, akanyamaza, akakutazama. Waongo wengi walijikuta wanajisahihisha wenyewe huku jua linawachoma utosini, na yeye hata kope hajapepesa.

Kijakazi yule wa Injili alimpenda kwa moyo wote, tena kwa hasira.

"Mnamhubiri Petro kila mwaka," alimwambia padri siku moja wakikunja vitambaa vya altare, "yule binti mnampita tu. Kwani kosa lake nini, baba? Alikuwa kazini. Mtu ameingizwa uani kwa kuombewa na mwenzake. Mlinzi akiuliza huyu ni nani, ameuliza vibaya?"

Padri alicheka, akasema hajawahi kulitazama hivyo.

"Basi litazame. Kwaresima ni ndefu."

Na Petro wa parokia ile alikuwa nani? Mdogo wake wa tumbo moja. Wazazi wao walipofariki, Bi Kaki ndiye aliyembeba mgongoni, akamwosha masikio, akamchapa na kumbembeleza siku hiyohiyo. Alipokua alimpeleka mwenyewe kinuni kuomba kazi, naye kijana akapanda mpaka akawa msimamizi wa ghala. Sauti alijaliwa. Ijumaa Kuu alipotamka kwa mara ya pili kwamba yeye si mfuasi wa mtu yule, akina mama walitafuta leso. Sifa zilimkolea hata mtaani wakawa wanamwita Petro, naye anaitika.

Sasa njoo kwenye mwaka ninaousimulia. Kwaresima ilikuwa imefika katikati pale mkanda wa mashine kubwa ulipomnasa mama mmoja mfagiaji upindo wa gauni, ukamvuta, akavunjika mguu. Mkanda ule una kifuniko cha bati cha kuwakinga watu, na siku hiyo kifuniko hakikuwepo. Meneja akasema fundi wa mitambo amekitoa kwa uzembe wake. Fundi akasema Meneja mwenyewe ndiye aliyeamuru kitolewe ili kazi iende mbio, na kwamba yeye alikataa, akalazimishwa. Wakati amri inatolewa walikuwepo watatu tu: Meneja, Fundi, na Petro.

Petro alipoulizwa alisema yeye hakuwepo. Alikuwa ghalani, na magunia yake.

Fundi huyu hakuwa mtu baki. Ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Petro, na bomba la nyumba ya Petro likipasuka, Fundi ndiye anayelala chali kwenye matope kulirekebisha. Alisimamishwa kazi, akapangiwa kikao mbele ya wenye kinu, Jumanne baada ya Pasaka. Akishindwa hapo, ndiyo basi tena: nani angempa mashine mtu aliyevunja watu miguu kwa uzembe?

Kibanda cha Bi Kaki kinatazamana na mlango wa mashine. Alimwona mdogo wake akiingia na Meneja asubuhi ile, na alimwona akitoka amekunja uso. Alilisema hilo alipoitwa ofisini, wakamwambia, "Kuona mtu anaingia si kusikia kilichosemwa." Ni kweli, hakusikia. Basi alirudi kibandani, na kuanzia siku hiyo akawa anamngojea mdogo wake aje aseme mwenyewe.

Hakuja. Badala yake alifunga. Aliacha nyama, akaacha sukari kwenye chai, akawa hakosi Njia ya Msalaba hata mvua inyeshe. Jamani, kuna watu wanajua kumzunguka Mungu! Anayaacha yote isipokuwa lile moja analotakiwa kuliacha.

Siku ya mazoezi, mwenyekiti wa baraza la waumini alimvuta Bi Kaki pembeni, karibu na ngazi za kwaya. Alikuwa mstaafu mpole, mwenye sauti ya mtu anayeuguza mgonjwa.

"Mama, tumefikiri mwaka huu ukapumzike kidogo. Kijakazi asome mwingine."

"Nimechoka?"

"Hapana, ila kuna maneno mtaani. Wewe na mdogo wako, mambo ya kazini... Watu wataona umelenga. Tunataka Ijumaa Kuu ya amani."

"Ile ya kwanza ilikuwa na amani?"

Mwenyekiti akaeleza kwamba si agizo, ni ombi tu, kwa ajili ya umoja wa familia ya Mungu.

"Kama ni ombi, nimelikataa," Bi Kaki alisema. "Kama ni agizo, kaliseme kwenye kipaza sauti Ijumaa, watu wote wasikie sababu. Mimi sijaongeza neno kwenye Injili. Anayeogopa swali, mwambieni yeye ndiye akapumzike."

Padri alipoletewa kesi hiyo, alisema kijakazi ni yuleyule. Mwenyekiti alikwenda nyumbani ana kichwa kinagonga.

Ijumaa ikafika. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Fundi alikuwepo na mkewe, upande wa kushoto, na benchi lao lilikuwa na nafasi ya watu wawili ambayo hakuna aliyeikalia. Bi Kaki aliiona nafasi ile, na moyo ukamuuma.

Zamu yake ilipofika alikwenda kwenye kipaza sauti bila karatasi. Akamtazama mdogo wake aliyesimama upande wa pili wa altare, akamuuliza kama naye si mmoja wa wafuasi wa mtu huyu. Kisha akafanya anavyofanya getini. Akanyamaza, akangoja.

Petro alikuwa na jibu mkononi, limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini halikutoka. Msimulizi akakohoa. Mtoto fulani akaanza kulia, mama yake akamtoa nje. Padri alikuwa ameinamisha kichwa. Wakati huo Bi Kaki hakuwa kijakazi wa mtu. Alikuwa dada anayemwomba Mungu kimoyomoyo kwamba mtoto aliyemlea aiangushe ile karatasi.

"Mimi siye," Petro akasoma.

Tena alisoma vizuri. Sauti ilimtetemeka palepale inapotakiwa, leso zikatoka, na mateso yakaendelea mpaka mwisho. Fundi alikuwa anatazama sakafu. Bi Kaki alirudi kwenye benchi, na sitaficha, alimchukia mdogo wake kwa muda wote wa kuabudu Msalaba, hasa alipomwona amewahi mbele ya foleni.

Nje alimpita karibu.

"Umesoma vizuri," alimwambia. "Mwaka huu hata karatasi hukuihitaji."

Jumamosi mchana Petro alikuja nyumbani kwa dada yake. Aliingia jikoni bila kubisha hodi kama enzi za utoto, akakaa kwenye kigoda, akajimiminia chai kutoka kwenye chupa, akaanza kuinywa chungu.

"Tia sukari," Bi Kaki alisema. "Mungu hana shida na sukari yako."

Hapo ndipo alipoangua kilio. Mwanaume mzima, ndevu zimeloa. Alisema hajalala, alisema kila akifumba macho anamwona Fundi, alisema amelia tangu jana mpaka kifua kinabana.

Bi Kaki aliendelea kuchambua mchele.

"Petro naye alitoka nje akalia," alisema. "Nimelisikia hilo tangu niko mdogo, na kila mwaka najiuliza swali moja. Yule aliyekuwa ndani anapigwa makofi, yale machozi ya nje yalimfikia?"

"Dada, nina watoto. Nina mkwe ndani ya nyumba, mgonjwa."

"Petro pia alikuwa na mkwe. Tena alikuwa na homa."

"Bwana alimsamehe."

"Alimsamehe, ndiyo. Akampa kazi. Hukusoma mbele? Hakumwambia rudi nyumbani ukalie taratibu. Na baadaye Petro alisimama barabarani mchana kweupe, mbele ya walewale aliokuwa anawaogopa, akasema ninamjua. Ndiyo maana leo kuna kanisa. Angebaki analia nyuma ya ukuta, mimi na wewe tusingejua hata kama alizaliwa."

Petro alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nikisema, Meneja atanila nyama."

"Atakula."

"Na wewe je? Atakufuata na wewe."

"Mimi najua njia ya kutoka pale. Nimekaa mlangoni miaka yote."

Alitaka kucheka, ikashindikana. Akamwomba dada yake amwombee.

"Nitakuombea," Bi Kaki alisema, "lakini hayo machozi yapeleke kikaoni Jumanne. Hapa jikoni maji ninayo."

Alipoondoka, Bi Kaki alilia yeye. Alijua anachokidai. Alikuwa anamsukuma kwenye moto mtoto aliyempakata, na sauti moja ndani yake ilikuwa inamwambia amwite, amwambie basi, mdogo wangu, kaa kimya, ule na wanao. Hakumwita. Akaosha uso, akaenda kwenye mkesha, akashika mshumaa wake.

Jumapili ya Pasaka kwaya iliimba aleluya mpaka vioo vikatikisika, na Petro alifungua mdomo kama samaki, sauti haitoki. Wakati wa kupeana amani Bi Kaki alivuka kanisa zima, akaenda kukaa kwenye ile nafasi tupu karibu na Fundi na mkewe. Alimshika Fundi mkono kwa mikono yote miwili. Watu wakatazamana. Watazamane.

Jumanne Bi Kaki alikuwa zamu. Fundi aliingia amevaa suti ya harusi yake, imembana mabegani. Mfagiaji aliingia na magongo. Petro alikuwa ndani tangu asubuhi, na alipopita getini dada yake hakumsemesha zaidi ya salamu. Mlango wa ofisi ukafungwa.

Bi Kaki aliogopa siku ile kuliko siku zote za ulinzi wake. Lori liliingia akasahau kulikagua. Alipanga upya viti vya kibandani, akavirudisha vilivyokuwa. Aliomba, akashindwa kumaliza hata Baba Yetu, kwa sababu kila akifika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" alikuwa anataka kuongeza masharti.

Mwisho mlango ulifunguliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa Fundi. Hakuja upande wa geti. Alivua koti akiwa anatembea, akakata kulia, akaingia kwenye chumba cha mashine.

Petro alitoka baada yake, taratibu, na mfuko wake wa kazini begani. Kwenye mkanda wake, pale ambapo huning'inia mafungu ya funguo za ghala, hapakuwa na kitu.

"Nimesema," alimwambia dada yake.

"Umesema nini?"

"Kwamba nilikuwepo. Kwamba aliyeamuru ni yeye, na Fundi alikataa mbele yangu, akatishiwa. Nikasema pia kwamba mwanzoni nilidanganya, na nilidanganya kwa woga." Alivuta pumzi. "Wamemrudisha Fundi. Mimi nimeambiwa nifungashe virago, maana msimamizi wa ghala aliyedanganya mara moja haaminiki tena."

"Nani kayasema hayo?"

"Meneja. Akayasema amekunja mikono."

Meneja mwenyewe alikuwa ameshatoka, amesimama juu ya ngazi za ofisi anatazama. Kanuni ya pale ni kwamba anayeachishwa kazi hukaguliwa mfuko na mlinzi kabla ya kutoka, na wengi hukaguliwa huku wameinamisha kichwa, wenzao wanachungulia. Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni pa mashine.

Bi Kaki aliufungua mfuko juu ya meza. Akatoa shati, akalikung'uta. Akatoa kikombe, kisha taulo. Alikagua kila mfuko mdogo kama anavyowakagua wengine wote, bila kuruka kitu na bila haraka, ili pasiwe na mtu wa kusema lolote. Halafu alilikunja shati lile upya, vizuri kuliko lilivyokuwa, akarudisha vyote, akafunga zipu.

Watu wa miguu hupita mlango mdogo wa pembeni, ule wa kuinama. Petro alibeba mfuko wake akaelekea huko.

"Siyo huko," dada yake alimwambia.

Alikwenda kwenye geti kubwa, ambalo hufunguliwa kwa malori na kwa gari la Meneja tu. Akatoa mnyororo. Akasukuma ubavu mmoja mpaka ukutani, akarudi, akasukuma wa pili. Chuma kililia kiwanda kizima kikasikia. Fundi alitoka mlangoni pa mashine, akasimama wima na suruali yake ya harusi, na wale wengine wakasogea mbele, wakasimama naye.

"Hilo geti linafunguliwa kwa ajili ya nani?" Meneja alipaza sauti kutoka ngazini.

"Kwa mdogo wangu," Bi Kaki alijibu, na akaliacha wazi mpaka alipokata kona.