Maparachichi Sitini kwa Siku

Praxeda wa mtaa wa Batsinda, Rwanda, si mtu wa kushindwa mihigo. Kila mwaka nyumba za mtaa zinapoandika kwenye daftari la mihigo yale zitakayotimiza, bima ya afya, bustani ya mboga, choo safi, yeye humaliza wa kwanza, kisha huenda kumtazama jirani aliyechelewa. Hasemi neno. Neno la nini? Macho yanatosha.

Basi siku Jovia, yule binti wa mazoezi ya viungo, alipomletea mjukuu wake kifaa na kusema, "Bibi, lengo letu ni mara sitini kwa siku, weka sahihi hapa," Praxeda alisikia mihigo tu. Akaandika jina kwa herufi kubwa kubwa, kalamu ikatoboa karatasi.

Mjukuu ni Belyse, miaka minane. Alizaliwa kwa shida, ubongo ukakosa hewa, na tangu hapo mkono wake wa kushoto umejikunja kifuani kama anayeficha kifaranga. Kifaa chenyewe ni mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono, na tableti ya kuegemeza mezani. Mtoto akiinua mkono, kwenye kioo mkono mwingine unachuma parachichi. Hesabu inakwenda yenyewe mpaka kwa Jovia kwenye kituo cha afya, bila mtu kupanda basi.

Siku ya kwanza Belyse alichuma ishirini na matano, jasho likamtoka puani, akachoka. Na sahihi ilisema sitini! Praxeda hakuona tatizo. Mihigo ni ya nyumba, na nyumbani mwenye nguvu humalizia alipoishia mnyonge. Akauvaa mkanda yeye, akachuma yaliyobaki pwa pwa pwa, kwa mkono uliolima mihogo Karagwe miaka thelathini kabla ya kurudi Rwanda.

"Bibi, hata wewe unafanya mazoezi?"

"Namalizia. Kunywa uji wako."

Ikawa hivyo kila siku. Kumbe mti ule wa kwenye tableti una akili! Ukimwona mchumaji ana nguvu, unarefuka. Siku ya kumi na mbili matunda yalikuwa juu huko, na Belyse akainua, akainua, asiguse hata jani. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya kumi na nne akautupa mkanda chini ya kiti.

"Mkono wangu umekufa, Bibi. Usinivishe tena."

Praxeda akambembeleza kwa ndizi mbivu, akafoka, wapi. Mtoto akaufunika mkono kwa kitenge, akageukia ukuta. Miaka minane bibi amengoja mtoto huyu autake mkono wake. Alikuwa ameanza kuutaka, na sasa ameuzika.

Ijumaa Jovia akaja. Praxeda alikuwa amepika chai na kutunga maneno: kifaa kimeharibika. Lakini Jovia alitazama tableti kwanza.

"Bibi, Belyse anaanza akitetemeka, kidogo kidogo. Baada ya dakika kumi anainua kama anayetwanga majani ya sombe. Huyu wa pili ni nani?"

Praxeda akaweka birika chini.

"Mimi."

"Wewe?"

"Niliweka sahihi sitini. Ulitaka nyumba yangu ishindwe?"

Jovia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Yewe mukecuru, wee bibi kizee! Sitini ni pa kuelekea tu, hakuna anayekuja kukagua. Mti umerefuka kwa ajili yako!"

Praxeda hakucheka. "Nimemharibu mtoto?"

"Mkono uko salama. Ni mti tu." Akabonyeza mara mbili tatu, mti ukashuka.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya Praxeda, naye aliijua. Akapiga magoti pale mtoto alipougeukia ukuta, magoti yakilalamika.

"Belyse. Mkono haujafa. Mti niliurefusha mimi, kwa kiherehere changu."

Mtoto akageuza jicho moja. "Uliniibia?"

"Nilisaidia."

"Uliniibia."

"Haya, niliiba! Njoo."

Akaja, kanuna kwelikweli. Mkono ukatoka kifuani polepole, ukitetemeka, na parachichi likadondoka kikapuni. La pili. La tatu, akasahau kununa. Kwenye la kumi na nane akasema amechoka, na Praxeda, kwa mazoea, akanyoosha mkono kuuchukua mkanda. Mtoto akaufungua upesi, akaukalia!

Praxeda akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Kumi na nane," akamwambia Jovia. "Na asije mtu kuniuliza habari ya yaliyobaki."