Kupoa Si Kuzimika

Jumbe alipotaka kila nyumba itoe mtu wa kwenda kumjengea mlowezi wa Kijerumani ghala la kahawa, mume wangu alikuwa kitandani na mguu uliovunjika. Nikaenda mimi. Nilikuwa na mtoto mchanga, na hakuna aliyeniuliza nitamwacha na nani.

Kazi ya sisi wanawake ilikuwa kubeba chokaa kutoka tanuruni bondeni mpaka kwenye jengo, njia yote kupanda. Usidhani ni unga mweupe. Yalikuwa mawe bado, yametolewa motoni juzi, yamepoa, tena mepesi kuliko yalivyoingia. Kikapu mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, mtoto kifuani.

Siku hiyo Mlima Meru ulijifunika mawingu mapema. Nyapara akatuhimiza tuondoke kabla ya mvua. Mimi nikatua kikapu. Nikamwambia chokaa hii haijazimwa, ikinyeshewa mgongoni itatuunguza, na maji yake yatamfikia mtoto.

"Izimwe? Moto wenyewe uko wapi, mama?" akasema. "Shika. Baridi kama jiwe la mtoni."

Wenzangu wakacheka, hata wifi yangu. Neno hilo hilo, kuzima, lilinisumbua mimi pia shuleni. Misheni walinisomesha kuliko wasichana wengi wa rika langu. Mwalimu alitufundisha kuwa kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, Wajerumani wanaziita atomi. Moto hauziui. Zinaachana tu, zinashikana upya na nyingine. Jiwe la chokaa likichomwa, sehemu ya chembe zake hutoka kama hewa, ndiyo maana hupungua uzito. Kinachobaki kina sura ya jiwe lakini si jiwe lile tena, kina kiu. Ukikipa maji kinashikana nayo, na huko kushikana hutoa joto la kuchemsha chungu. Mafundi wanaita kuzima. Nikauliza utazimaje kitu kisichowaka. Mwalimu akajibu kwamba kupoa ni jambo moja, kuzimika ni jingine.

Nyapara sikumhubiria hayo. Niliomba kibuyu chake cha maji, nikaweka jiwe moja kwenye kigae cha chungu, nikalimwagia. Likanywa maji yote, likanyamaza.

"Limeshiba," akasema nyapara, na kicheko kikaanza upya.

Nikaongeza maji. Mtoto alikuwa ananyonya, nikamgeuzia upande wa pili. Jiwe likalia kama kuni mbichi, likapasuka, likavimba, mvuke ukapanda na maji yakatokota mbele yetu bila moto chini. Nyapara akapeleka kidole, akakirudisha upesi kuliko alivyokipeleka.

"Sasa mlete mwanao," nikamwambia, "umfunge chini ya kikapu hicho. Ukimaliza, uje unihimize mimi."

 Nyapara akasema kazi ya ukuta ikikwama atachapwa yeye. Nikamwambia chokaa lazima izimwe kabla ya kujengea, huko juu au hapa chini, basi izimwe hapa chini, shimoni, nasi tupande na uji wake ukishapoa. Bila hivyo sinyanyui kikapu, na anichape mimi kama anataka. Akatazama mawingu, akatazama kidole chake, akaamuru shimo lichimbwe.

Mvua ilitukuta tumejibanza chini ya paa la tanuru.

Uji wenyewe nao unakula ngozi, kwa hiyo tulitandika majani ya mgomba vikapuni. Na ulikuwa mzito balaa, maana sasa tulibeba chokaa pamoja na maji iliyoyanywa. Wifi yangu alihema njia nzima.

"Wifi, elimu yako ina uzito."

"Beba," nikamjibu.

Nilipanda na mzigo ule kila siku mpaka ghala likaezekwa. Mtoto wangu alishuka nami siku ya mwisho amelala kifuani, mwili wake mzima hauna kovu hata moja.