Nilianika bastola ya mapambo kwa kamba ya nguo, Ruiru karibu wanichome

Wakuu wote, salamu kutoka Thika. Haya yote ni vile yalitendeka, sijaongeza chumvi. Na majina nitataja, kwa sababu wenyewe hawajawahi kuona aibu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali, songeni mbele.

Kuna kitu napenda sana. Bastola za kitambo. Si za ukweli, ni replica, zile za kutundika ukutani. Mdomo umezibwa na chuma, haiwezi kuua hata nzi.

Ya kwanza niliipata kwa mitumba ya vyombo hapa Thika, ile aina ya kuwashwa na jiwe, mti wake umechongwa maua. Nilishindwa kuiacha. Miaka ikaenda, zikafika sita. Nikazipanga ukutani sitting room, juu ya plywood nimefunika na kitambaa.

Wageni wakija nawaeleza, hii ni ya mabaharia, hii ya askari wa farasi. Mtu wa darasa la sita anaongea na watu wananyamaza kumsikiza. Hiyo raha si wengi wanaijua.

Sasa, nyingi huja na rangi nyekundu hapo mdomoni, ndio mtu akiona ajue si ya kuua. Sisi watu wa kukusanya, hiyo rangi hutukera. Inaharibu sura. Mimi huitoa na msasa, chuma naisugua na siki, mti naupaka majani ya chai yaliyochemka hadi yakawa meusi. Inakaa ya miaka mia mbili.

Halafu inataka jua. Hapo ndipo nilikosea.

Ilikuwa Saturday, saa nane mchana. Tulikuwa tunaishi Ruiru, kwa plot ya vyumba kumi na mbili. Nikafunga moja kwa kamba ya nguo, katikati ya sare za watoto, nikaingia ndani kunywa uji.

Hiyo wiki wezi wenye bunduki walikuwa wamevamia maduka mawili hapo karibu. Nilijua. Lakini akili yangu ilikuwa kwa jua.

Caretaker wetu anaitwa Kimani. Huyu Kimani amekunywa chai kwangu mara nyingi, amekaa chini ya hizo bastola, amezishika. Lakini tulikuwa tumekosana. Nilisema mbele ya watu kwamba anatufungia maji makusudi.

Akapiga picha ile kamba, akaituma kwa group ya plot. Akaandika, bunduki imepatikana, ni ya Baba Wanjiku. Huyo ni mimi.

Bibi yangu alikuwa kwa hiyo group. Alikuja akanionyesha simu. Wakati huo huo tukasikia geti ikigongwa.

Nikatoka. Walikuwa kama watu thelathini. Mbele yao ni Ngash wa bodaboda, jirani, mtu nilimchomelea geti ya mamake. Nikaona njia rahisi ni kuwaonyesha. Nikaitoa kwa kamba, nikaiinua juu nikisema ni mapambo.

Wakuu, msiwahi fanya hivyo.

Wote walilala chini. Walipoona haijalia, wakainuka na mawe. La kwanza lilinipata sikioni, nikaanguka. Ngash akanikanyaga mkono, akaongea polepole kama anaongelesha mtoto.

"Leo utatuonyesha vile inalia, mzee."

Kimani alikuwa amesimama kwa ngazi. Nikamwita. "Kimani, si unazijua hizi? Waambie."

Akaangalia simu yake.

Tairi ililetwa na Ngash mwenyewe. Petroli niliisikia harufu kabla nione chupa. Sitawaficha, nilijikojolea.

Aliyeniokoa ni bibi yangu, Mama Wanjiku. Hakupiga nduru. Alitembea tu, akampokonya Ngash tairi, akailaza chini na akaketi ndani yake.

"Haya, washeni," akasema. "Mtaanza na mimi."

Huyo ndiye huwauzia mandazi kila asubuhi. Walianza kuangaliana. Hakuna aliyewasha.

Polisi wakatupata hivyo, mimi chini, yeye kwa tairi. Afande mmoja mwanamke akachukua ile bastola, akatoa biro akaisukuma mdomoni. Haikuingia hata kucha moja. Akawaonyesha watu ni chuma tupu.

Halafu akanigeukia, akaniambia kama wao ndio ningewainulia hiyo kitu, wangenipiga risasi bila kuuliza. Walibeba zote sita. Sikuzidai.

Ngash hajawahi kushikwa. Kimani alikuja hospitali na pakiti ya maziwa, akasema walikuwa tu wanachunga plot. Hadi leo ndiye caretaker hapo.

Sikio la kushoto halisikii tena. Tulihamia Thika, na nikisikia watu wengi nje ya geti nafunga karakana, hata kama ni watu wa harusi.

Kwa wenye mnapenda hizi vitu, nawaomba, ile rangi nyekundu iacheni. Na zisitoke nje ya nyumba.

Juzi niliona moja sokoni, nzuri ajabu. Muuzaji akaniambia, "Shika tu, mzee, haiumi." Mkono ulikataa. Nikauweka mfukoni.

Kama kuna mtu hapa amewahi kupitia kitu kama hii na akaweza kushika tena, aniandikie hapo chini. Nataka kujua alianzia wapi.