Kiko Nyuma, Madam

Kazi yangu ni kukaza mikanda nisiyoigusa. Mzazi anaelekeza kamera ya simu ndani ya gari lake, nami, nikiwa sebuleni kwangu mtaani Shieywe, ninamwambia jinsi ya kufunga kiti cha mtoto. Nimeona mikono ya watu zaidi kuliko nyuso zao. Na nikiri mapema: subira sina. Mtu akiniuliza jambo mara mbili, sauti yangu hupanda yenyewe.

Asubuhi hiyo alikuwa baba mmoja wa Musanda. Kiti alitumiwa na shemeji yake, gari ameazima, na mtoto wa miezi mitano alikuwa anapelekwa Eldoret akaonwe na nyanya yake. Nilimwona akipiga goti juu ya kiti, anavuta mkanda kwa nguvu za mtu aliyezoea kufunga miwa kwenye trela. Kisha picha ikaganda, ikabaki sauti tu.

"Kinaangalia nyuma?" nikauliza.

"Kiko nyuma, madam."

"Una hakika ni nyuma?"

"Nyuma kabisa! Mbele hatuwekangi mtoto. Nimekaza hadi vidore vinauma."

Nilimsikia mtoto akicheka. Mzazi mwingine alikuwa anasubiri, na mimi nilitaka chai yangu. Nikawatakia safari njema.

Walipopita Malava, mama wa mtoto akaniandikia kwa simu ileile: "Asante madam. Mtoto anafurahi sana, anaona malori yote yanayokuja."

Nikausoma ujumbe tena. Mtoto wa umri huo, kiti chake kikigeuzwa inavyotakiwa, haoni lori linalokuja. Anaona mgongo wa kiti cha gari, basi. Akitazama mbele na gari lisimame ghafla, shingo yake haiwezi kukishika kichwa.

Nikapiga: mteja hapatikani. Nikaandika GEUZENI KITI, ujumbe haukufika. Nikapiga tena na tena, huku chai ikifanya utando juu. Niliogopa, na niliyachukia yale malori kana kwamba ninayajua.

Saa nane mchana baba akapiga.

"Tulifika salama, madam. Simu iliisha moto, ndio tumeichaji hapa."

Badala ya kumshukuru Mungu, nikamfokea. Kwa nini mtoto anatazama mbele?

"Lakini madam, si wewe ulisema nyuma? Nikakiweka kwenye kiti cha nyuma cha gari."

Nilisema. Ndilo neno nililolitumia tangu nianze kazi hii, na wazazi wote walinijibu vivyo hivyo, kwa furaha: kiko nyuma.

Nikafungua orodha yao, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Siulizi tena habari za nyuma. Ninauliza, "Mtoto akiwa kitini, anaona nini?"

Wa kwanza alisema anaona barabara. Wa pili pia. Simu ya wa tatu iliita mpaka ikakatika, na hadi leo ninaipiga.