Kuku wa Mama Hakuvuka Ziwa

Mwulize mtu yeyote hapa mtaani Mbotela kazi ya Khavere, atakwambia, "Huyo? Si analinda ndege huko ziwani!" halafu aangue kicheko. Ati mwanamke mzima alinde ndege! Waache wacheke. Khavere alizaliwa kwenye nyumba hizi za kanjo, yaani za baraza la jiji, akauza mitumba Jogoo Road hadi miguu ikafura, na alipopata kazi ya kuchunga kisiwa kisicho na watu, mbali kabisa kwenye Ziwa Viktoria, aliishika kwa mikono miwili. Anafukuza waokota mayai, anang'oa magugu, na anahakikisha hakishuki pale kiumbe kisicho cha pale. Awe paka, awe panya, hakanyagi.

Mwaka huu alikuja likizo. Siku ya kuondoka, mama yake akatoka jikoni na kuku wa kienyeji, mnono, amefungwa miguu kwa kitambaa. Anayewajua Waluhya hahitaji maelezo. Mama akikupa kuku amekuombea safari njema, na ukimkataa umemtukana mbele za watu.

"Nimemlea tangu kifaranga," mama alisema. "Atakutagia mayai huko kwenye upweke wako."

Khavere akarudi nyuma hatua moja. "Asante mama. Lakini huyu siwezi kwenda naye."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi. Kuku haruhusiwi kule."

Wueh! Mama alifura. Ochola, jirani mstaafu wa reli, mtu asiyekosa ugomvi wa mlango wa mwenzake, akadakia, "Mama Khavere, kumbe kuku wa Mbotela anatakiwa paspoti!" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alisema kwa ile sauti ya chini ambayo wanawe wanaiogopa kuliko kelele, "Kama zawadi yangu ni uchafu, basi hata mimi usinirudie."

Mwingine angembeba kuku, akamgawa stendi, maneno yakaisha. Khavere alilifikiria hilo, akaona aibu kumdanganya mama yake. Akaketi sakafuni mbele yake, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu nyumbani.

Mwaka jana wavuvi walipiga kambi kisiwa jirani, wakaja na kuku wao. Kuku wakaugua. Haukupita muda yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, wakaanza kuanguka kutoka matawini. Khavere aliitwa kusaidia, akazoa mizoga kwa sepetu. Juu kwenye viota makinda walikuwa bado hai, midomo wazi, wakililia chakula, na hakuna mama aliyerudi.

"Nililia, mama. Nikaapa kisiwa changu hakitaona hayo kwa mkono wangu. Kuku wako naona ni mzima, lakini ugonjwa hauonekani kwa macho. Ukinikasirikia, likizo ijayo nitagonga mlango huu huu, na usipofungua nitalala hapa nje. Lakini kuku simbebi."

 

Mama akamfungua kuku, naye kuku akatimua mbio uani. "Kichwa ngumu kama baba yako," alisema. Macho yake yakashuka hadi kwenye buti za Khavere, zilizokuwa zimekanyaga mavi ya kuku hapo mlangoni.

"Na hizo je?"

"Lazima nizisafishe kabla ya kupanda boti."

"Vua."

Mama akachukua beseni, brashi na sabuni ya kipande, akaenda mferejini, kwenye bomba la uani. Akakaza leso, akachuchumaa, akaanza kusugua soli, kila mfuo. Khavere alimfuata peku, machozi yakimlenga.

"Mama, leta nisugue mwenyewe."

"Hebu toka hapa," mama alisema bila kuinua kichwa. "Makinda wa kisiwani kwako bado wana mama zao."