Waliniketisha Kama Mgeni

Mtoto wa kwanza wa rafiki yangu alikuwa hajawahi kuniamkia kwa adabu hata siku moja. Akipiga simu huanza, "We Msambaa, huku kwetu tambarare, mbona unatembea umeinama kama unapanda mlima?" Nami humjibu, "Funga mdomo Mzigua, nenda kalime." Hizo ndizo salamu zetu. Wao ni watu wa Sindeni, sisi wa Mashewa, na koo zetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ukimpa heshima umemfanya mgeni. Sasa siku ile alipopiga akasema, "Shikamoo mama," nilijua kuna jambo kabla hajaendelea.

Lakini nianzie kwa mama yake, maana habari yenyewe ni ya mama yake.

Tulijuana Segera pale njia panda, mimi na beseni la machungwa, yeye na mahindi ya kuchoma. Magari ya Tanga, ya Arusha na ya Dar yote yanapita pale, na sisi tulikuwa tunayakimbilia pamoja huku tunatukanana. "Msinunue kwa huyo, machungwa kaiba shambani kwa mumewe!" anapiga kelele. "Na hayo mahindi kayachoma juzi!" namjibu. Abiria walidhani tunataka kushikana mashati. Gari likiondoka tunakaa chini, tunamenyeana chungwa moja na kula nusu kwa nusu.

Alikuwa na tabia moja ya kuudhi kweli. Hakuna chungu alichopita bila kuchovya kidole. Awe kwake, awe kwa watu, atachovya, atalamba, atakunja uso, kisha atatangaza, "Chumvi haijakolea!" Kwenye harusi ya binti yake mwenyewe aliwatangazia wapishi hivyo mbele ya wakwe. Na mwendo wake sasa: mkono kiunoni kwa ajili ya mgongo, hatua mbili tatu, anasimama kulilaumu jua, kisha anaendelea.

Tuliahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake amtanie sawasawa. "Usije ukanililia kama mgeni," aliniambia. "Ukilia tu nafufuka, nakuzaba kibao."

Akatangulia yeye.

Asiyejua kwetu nimweleze. Msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kufanya wasioruhusiwa wengine. Watoto wa marehemu wamevunjika, hawali, hawanywi. Mtani anaingia, anavaa kanga ya marehemu, anaongea kama yeye, anatembea kama yeye, mpaka aliyekuwa analia anacheka bila kupenda, na akishacheka anakubali uji. Ni kazi hiyo, tena si nyepesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia ndani kwa ndani, nikasema liwalo na liwe, nikavaa kanga yake, nikaweka mkono kiunoni. Nikalilaumu jua. Nikazunguka masufuria yote, nachovya kidole, "Chumvi haijakolea! Hata kufa siwezi kufa kwa amani, nyie watoto mtaniaibisha!" Wallahi yule mwanawe wa kwanza, aliyekuwa hajatamka neno tangu asubuhi, alianguka kwa kicheko, na kicheko kikageuka kilio cha kumtua mzigo. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala mlangoni. "Hatoki mtu! Kaniibia kuku, nilipwe kuku wangu kwanza!" Hata shehe aligeuka pembeni kuficha meno. Wakaniletea kuku, nikawapisha, wakaenda kumzika.

Mjukuu wake, binti anayesoma chuo, alinipiga video ili wajomba zake waliokwama mbali waone. Mimi ndiye niliyemwambia asimame upande wenye mwanga. Nilitaka waone vizuri jinsi mama yao alivyoagwa. Akaiweka mtandaoni, akidhani wataiona ndugu tu.

Kuna mtu asiyetujua, sijui ni wa wapi, akaikata. Akaondoa kilio, akaondoa jeneza, akaondoa kuku na watu wanaonishangilia. Akabakiza uso wangu unacheka na kidole kinywani, akaandika juu yake kwamba mwanamke huyu anafurahia kifo cha rafiki yake. Basi! Ikasambaa kama moto wa kiangazi. Wakaniita mchawi, wakaniita mlevi. Mwingine akaandika, "Mtazameni macho, huyu ndiye aliyemuua." Mimi! Niliyekuwa namkanda mgongo kwa mafuta ya nazi!

Binti wa watu alifuta ya kwake huku analia. Maji yakimwagika hayazoleki. Zile nakala zilikuwa kwa watu ambao hata hatujui tuwapigie magoti wapi. Tukaketi mimi na yeye na simu yangu ya kupangusa, tukabonyeza pale pa kulalamika. Kufumba na kufumbua jibu likaja. Wenye mtandao wakasema wameiangalia, na haivunji kanuni zao za jamii. Nilicheka kwa hasira. Jamii ipi? Ni nani kati yao amewahi kulala mlangoni kwa mtu akidai kuku? Na chini ya uso wangu kulikuwa na tangazo la sabuni. Mtu anauza sabuni yake kwa uso wangu, na mimi sijapewa hata povu.

Kila asubuhi nikawa naifungua nione kama imeondolewa. Kosa jingine hilo. Simu ikadhani napenda misiba. Ikaanza kuniletea makaburi ya watu nisiowajua, wajane wanaojigaragaza, watoto wanaolia, mmoja baada ya mwingine, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Sikuwa nimeomba. Ikawa nainua macho kutoka kwenye simu na chai imepoa, na mwili umechoka kama niliyetoka kuzika.

Segera nako hakukuwa Segera tena. Gari likisimama, kabla sijainua beseni, simu zimetokea madirishani. "Mama, tuchekeshe! Chovya kidole!" Mama mmoja alimvuta mkono mwanawe aliyekuwa ameshachagua chungwa, "Rudisha, usile kitu cha huyo." Nilimtukana, nakiri, matusi ya kutosha kumfikisha Tanga. Lakini alipoondoka niliangalia pale alipokuwa anasimama rafiki yangu na jiko lake, nikamwambia kwa sauti, "Umeona ulivyoniponza?" Hakukuwa na wa kunijibu tusi.

Ndipo mwanawe akapiga simu, na shikamoo yake.

"Mama, arobaini imekaribia. Wazee wamekaa. Watakuja watu wengi wa Dar, na simu zao. Tunakuomba safari hii uje tu... ukae."

"Nikae vipi?"

"Kama mgeni, mama. Tusije tukaanikwa tena."

Ningeweza kumtukana. Ningemwambia mtani haombi ruhusa. Lakini nilisikia anavyopumua, nikajua naye amesoma yale yaliyoandikwa kuhusu mama yake na mimi. Nikamwambia, "Sawa mwanangu." Hakuniita Msambaa, nami sikumwita Mzigua. Tukakata simu kama watu wa ofisini.

Nilikwenda. Wakanipa kiti cha plastiki, mimi niliyezoea kuingia jikoni kwao bila kubisha hodi. Kisomo kikasomwa, dua ikaombwa. Vijana wengine walikuwa wameshaziinua simu, wananitazama, wanangoja. Niliikunja mikono mapajani. Watoto wa marehemu walikaa macho chini, na hakuna aliyewachekesha.

Pilau ikaletwa. Mimi nililetewa sahani, na kijiko, na kitambaa cha kufutia mikono. Nikaonja.

Chumvi haikuwa imekolea.

Niliinua macho. Upande wa pili wa mkeka alikaa dada mkubwa wa marehemu, bibi kizee asiyeona vizuri, asiyejua mtandao ni nini, na ambaye hakuna aliyemweleza kwamba nimekatazwa. Naye alikuwa ameonja. Alikuwa ameacha kutafuna, uso ameuelekeza kwangu, tabasamu limeshaanza kwenye pembe za mdomo, anangoja. Wote waliomjua mdogo wake waliacha kula, wakangoja. Neno lilikuwa limenijaa kinywani pamoja na wali.

Nikameza.

Tabasamu la yule bibi likafifia taratibu. Akaiweka sahani chini, akajifuta vidole kwa kanga.

"Kumbe kweli amekufa," akasema.

Nami nikalia, pale kwenye kiti chao, kama mgeni, vile marehemu alivyonikataza.